Umeme Unaopotelea Kwenye Mita: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Uniti zilizopita kwenye transfoma zikizidi sana zile zilizosomwa kwenye mita za wateja, neno la kwanza linalotamkwa ni wizi. Mara nyingi ni wizi kweli. Lakini pengo lile lile huletwa pia na CT (transfoma ndogo inayopunguza mkondo mkubwa ili mita iweze kuupima) iliyofungwa kinyume, na mteja aliyesajiliwa chini ya transfoma isiyo yake, na fundi aliyesahau kurudisha kiungo mahali pake baada ya majaribio, hata na skrubu iliyolegea tangu siku mita ilipofungwa. Timu inayoanza kwa kusaka mtuhumiwa hukamata wachache, hugombana na wengi, na pengo hubaki pale pale. Mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya mafundi wa mita, wakaguzi na wasimamizi wa usambazaji, unafuata mpangilio mwingine: dalili, kipimo, hitilafu ya kiufundi, kisha mtu.

Kabla hujagusa chochote

Mita iliyochezewa ni hatari kuliko mita nyingine, kwa sababu hakuna mchoro unaoweza kuuamini. Waya unaoonekana kuwa nyutro unaweza kuwa na moto. Sanduku la chuma linaweza kuwa na umeme. Ukizima swichi kuu, sehemu ya nyumba inaweza kubaki hai kupitia njia ya pili usiyoiona. Nendeni wawili, vaeni glavu za kuhami umeme na kinga ya uso, na mpime sanduku kabla ya kuligusa. Kipimaji chenyewe kijaribiwe kwenye chanzo kinachojulikana, kabla ya kazi na baada yake.

Mambo mawili hayana msamaha. La kwanza: saketi ya upili ya CT (ile inayokwenda kwenye mita) haifunguliwi wakati mkondo unapita upande wa msingi (waya wa mzigo). Ikifunguliwa, volteji kubwa sana huzuka kwenye ncha zake na inaweza kumuua fundi au kuiharibu CT. La pili: nyutro haikatwi kabla ya waya wa moto. Nyutro inayohudumia wateja wa fezi tatu ikiachia, aliyekuwa anapata volti 230 anaweza kusukumwa kuelekea volti 400, na vifaa vya watu wasiohusika vikaungua.

Dalili: transfoma inatoa zaidi ya inavyosomwa

Hapa ndipo kazi yote inapoanzia, na kama hakuna mita ya kulinganishia kwenye transfoma, ifungeni kabla ya kununua kitu kingine chochote. Bila hiyo mnafanya kazi kwa kubahatisha.

Chukua mfano. Mita ya transfoma imehesabu uniti (kilowati-saa) 30,000 kwa mwezi, na jumla ya wateja wake ni 24,600. Pengo ni uniti 5,400, sawa na asilimia 18. Usimtume mkaguzi bado. Kwanza isafishe hesabu yenyewe.

Tarehe zinalingana? Ikiwa transfoma ilisomwa siku ya kwanza ya mwezi na wateja wamesomwa kidogo kidogo hadi tarehe 20, unalinganisha vipindi viwili tofauti, na mwezi wenye ongezeko la matumizi utakuonyesha wizi ambao haupo. Orodha ya wateja ni sahihi? Laini zinapohamishwa kutoka transfoma moja kwenda nyingine baada ya matengenezo, kumbukumbu za ofisini hubaki nyuma. Dalili yake inatambulika kirahisi: transfoma moja ina pengo kubwa, na jirani yake inaonekana kuuza umeme mwingi kuliko iliopokea. Je, kizidisho cha mita za CT, yaani namba ambayo usomaji huzidishwa nayo, kimeingizwa sawasawa? Mteja mwenye CT za 200/5 (ampea 200 za mzigo huwa 5 kwenye mita) ambaye mfumo unamhesabu kama wa 100/5 atalipa nusu tu ya alichotumia bila yeye kugusa waya. Na je, kuna mizigo isiyo na mita inayojulikana kabisa, kama taa za barabarani na vifaa vya mawasiliano? Ikadirie na uiondoe.

Kwa mita za malipo ya kabla kuna mtego wa ziada. Wengi hulinganisha umeme uliotoka kwenye transfoma na tokeni zilizouzwa. Hivyo si vitu sawa. Mteja anaweza kununua uniti za miezi miwili siku moja, au kutumia mwezi huu alichonunua mwezi uliopita. Linganisha na rejista ya jumla iliyo ndani ya mita, ile inayohesabu uniti zilizotumika tangu mita iwashwe.

Baada ya hapo toa upotevu wa kiufundi. Joto linalopotea kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Laini ndefu ya waya mwembamba yenye fezi moja iliyoelemewa inaweza kupoteza kiasi cha kushangaza bila mwizi hata mmoja. Angalia pia mita ya kulinganishia imefungwa upande gani. Ikiwa upande wa volteji ya juu, upotevu wa chuma cha transfoma umo ndani ya hesabu yako. Kwa transfoma yenye upotevu wa bila mzigo wa wati 250, hizo ni uniti 180 kwa siku 30, iwe imebeba mzigo au haijabeba. Ikiwa upande wa volteji ya chini, uniti hizo hazimo, usizitoe mara ya pili.

Kilichobaki ndicho cha kufuatilia, nacho kina sura yake. Kama mita zenu zinarekodi kila dakika 15 au 30, chora pengo kwa saa za siku badala ya kuangalia jumla ya mwezi. Pengo linalopanda kwa kasi wakati mzigo uko juu na kukaribia kuisha usiku wa manane lina harufu ya upotevu wa kiufundi. Pengo lisilobadilika usiku na mchana ni mzigo wa kudumu usio na mita. Pengo linaloanza saa mbili asubuhi na kukoma saa kumi na moja jioni, isipokuwa siku za mapumziko, linakwambia utafute karakana, mashine ya kusaga au kiwanda kidogo. Kazi hii ya mezani huokoa ukaguzi wa nyumba nyingi zisizo na kosa, na kwangu ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote katika shughuli nzima ya kulinda mapato.

Dalili: matumizi ya mteja mmoja yameshuka

Usiangalie kiasi peke yake, angalia umbo la mshuko.

Mshuko wa polepole kwa miaka, kwenye mita ya zamani yenye kisahani kinachozunguka, mara nyingi ni uchakavu. Msuguano ukiongezeka kwenye ekseli, kisahani huchelewa, hasa mzigo ukiwa mdogo. Mita iliyoegemea upande nayo huhesabu vibaya. Dawa ni kubadilisha mita. Hakuna wa kumlaumu hapo.

Mshuko wa ghafla unaokwenda kwenye sehemu inayohesabika, theluthi mbili ya kawaida, nusu, theluthi moja, karibu kila mara una sababu ya umeme inayoweza kupimwa. Nitaurudia kwenye sehemu ya wateja wakubwa.

Mshuko usio na umbo, unaopanda na kushuka mwezi hadi mwezi, na hasa unaorudi kawaida karibu na siku ya kusomwa mita, ndio wa kuutilia shaka. Hata hivyo uliza kwanza kilichobadilika: paneli za sola, jiko la gesi, wapangaji waliohama, biashara iliyofungwa. Maswali haya yaulizwe kwa upole na majibu yaandikwe, kwa sababu yanaweza kuthibitishwa kwa macho.

Kisha pima. Kipimo ninachokipendekeza hakihitaji kufungua mita. Kila mita ya kielektroniki ina taa ndogo inayopepesa, na usoni pake pameandikwa idadi ya mapigo kwa uniti moja: 1000, 1600, 3200 na kadhalika. Hesabu mapigo kwa muda unaojulikana, kisha:

kilowati = (3600 × idadi ya mapigo) ÷ (sekunde × mapigo kwa uniti)

Mita ya mapigo 1000 ikitoa mapigo 10 ndani ya sekunde 18, inahesabu kilowati 2. Kwa volti 230 na mzigo wa kupasha joto, hizo ni takriban ampea 8.7. Sasa bana waya wa moto kwa mita ya klampu, ile inayopima mkondo kwa kuuzunguka waya bila kuukata. Ukikuta ampea 8.5 au 9, mita iko salama kwa mzigo ule. Ukikuta ampea 17, nusu ya umeme unaoingia hauhesabiwi. Washa mzigo wa uhakika, kama birika au pasi, kwa sababu mota na taa za kisasa zina pawa fakta (sehemu ya mkondo inayofanya kazi halisi) ndogo zaidi, na ampea zake hazibadiliki moja kwa moja kuwa kilowati. Rudia zaidi ya mara moja kabla ya kuamini jibu.

Kama mita haihesabu kabisa ilhali mzigo ni mdogo mno, si lazima iwe mbovu. Mita ya fezi moja ya daraja la 1 yenye mkondo wa msingi wa ampea 5 inatakiwa kuanza kuhesabu kuanzia miliampea 20, yaani karibu wati 5 kwa volti 230. Chini ya hapo kimya chake kinakubalika.

Dalili: nguzoni na kwenye mita hapalingani

Bana waya wa moto wa mteja pale unapotoka nguzoni, na mwenzako abane unapoingia kwenye mita, kwa wakati mmoja. Nguzoni pakionyesha ampea 22 na kwenye mita 9, ampea 13 zimechepuka njiani. Fuata waya kwa macho: ndani ya dari, chini ya plasta, nyuma ya sanduku. Sehemu iliyopakwa upya, bomba linaloingia ukutani na kutotokea popote, au kebo yenye mkanda mpya mahali pasipo na kiungo ndiko kwa kuanzia. Waya ukipita ukutani na huuoni, usibomoe. Kifuatilia kebo kitakuonyesha njia yake.

Ukikuta nguzoni na kwenye mita panalingana, bana waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Mkondo unaoingia na unaorudi hufutana, kwa hiyo klampu inapaswa kusoma karibu sifuri. Ikisoma ampea kadhaa, sehemu ya mkondo inarudi kwa njia nyingine. Hapo pana sababu tatu zinazofanana kwa nje. Inaweza kuwa uvujaji wa kweli, kama kebo iliyochubuka au hita iliyooza, ambayo ni hatari kwa familia ile na inapaswa kutengenezwa leo. Inaweza kuwa nyutro za nyumba mbili zilizochanganywa na fundi wa wayaringi bila nia mbaya, jambo la kawaida kwenye majengo yenye wapangaji wengi. Au mkondo umerudishwa ardhini kwa makusudi ili kuidanganya mita ya zamani inayopima waya mmoja. Hii ya mwisho inatisha, kwa kuwa mabomba na ardhi inayozunguka vinaweza kupata umeme, na anayejeruhiwa huwa ni mtoto aliyekanyaga bila viatu, si yule aliyefunga waya.

Mita nyingi za sasa hupima waya wa moto na nyutro kwa vihisi viwili na kutoza kwa mkondo ulio mkubwa zaidi. Mahali penye tatizo hili mara kwa mara, kubadilisha mita kuwa za aina hiyo kutakusaidia kuliko msako wowote. Lakini kumbuka nyutro zilizochanganywa: mita ya vihisi viwili itamtoza mteja mkondo wa jirani yake. Rekebisheni wayaringi kwanza, halafu mfunge mita.

Dalili: lakiri imekatika au namba haifanani

Lakiri iliyokatika ni sababu ya kuchunguza, na haitoshi kuwa ushahidi wa wizi. Hukatwa na mafundi wa dharura usiku, huliwa na kutu, huvunjwa na mtu aliyekuwa anapaka rangi ukuta. Lakiri ambayo namba yake haimo kwenye daftari ina uzito zaidi, na yenye namba iliyosajiliwa kwa mteja mwingine ina uzito mkubwa kabisa, kwa sababu hiyo imetoka ndani ya shirika lenyewe.

Ndiyo maana udhaifu wa lakiri mara nyingi uko kwenye kabati la ofisi. Lakiri zihesabiwe kama fedha. Kila fundi apokee kwa namba na kusaini, arudishe zilizoharibika, na kila inayofungwa ipigwe picha ikiwa mahali pake, namba ikisomeka. Fundi akiondoka kazini na lakiri hazijarejeshwa, futa namba zake zote kwenye mfumo siku hiyo hiyo. Vishoka, mafundi wasio rasmi wanaounganisha umeme kiharamu, hawahitaji ujuzi mkubwa ikiwa lakiri halisi zinapatikana kwa kubembeleza mtu.

Kwenye mita yenyewe, tazama skrubu kabla ya kuzigusa. Skrubu zilizokwaruzwa, za aina tofauti upande mmoja, vumbi la zamani lililofutika kwenye ukingo wa mfuniko, tundu dogo lisilokuwa la kiwandani, gundi kwenye mshono: kila kimoja kipigwe picha kikiwa hakijaguswa. Ukishafungua, umeharibu nusu ya ulichotaka kuonyesha.

Dalili: tamino (sehemu za kubania waya kwenye mita) zimeungua

Wakaguzi wengi wakiona plastiki iliyoyeyuka huandika "imechezewa" na kuondoka. Mara nyingi wanakosea. Waya wa alumini uliobanwa moja kwa moja kwenye tamino ya shaba nyeupe hulegea kadiri miaka inavyopita, kwa sababu alumini husogea taratibu chini ya mgandamizo na uso wake hufanya tabaka la oksidi lisilopitisha umeme vizuri. Mguso ukilegea, joto huongezeka. Joto likiongezeka, mguso hulegea zaidi. Tumia viunganishi vinavyofaa alumini kwa shaba, kaza kwa kipimo kilichoelekezwa na mtengenezaji wa mita, na rudi kukagua mita zilizofungwa na timu ile ile, kwa kuwa kosa la ufungaji huwa halifanywi mara moja.

Dalili: mita ya malipo ya kabla inafanya mambo yasiyoeleweka

Mita inakataa tokeni. Kabla ya kumshuku mtu, kumbuka kilichotokea tarehe 24 Novemba 2024. Mita za mfumo wa STS, kiwango kinachotumika kwa tokeni za malipo ya kabla, hutambua kila tokeni ya tarakimu 20 kwa namba inayohesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya namba hiyo ilijaa siku hiyo. Mita ambayo haikuingiziwa namba za kubadilisha ufunguo wake wa siri wa kusomea tokeni inakataa tokeni zote mpya. Zipo mita zilizokuwa kwenye nyumba zilizofungwa au stoo ambazo bado ziko hivyo. Ziingizie namba zake za kubadilisha ufunguo kwa mpangilio uliotolewa, kisha tokeni.

Uniti zimeisha lakini nyumba ina mwanga. Relei ya ndani (swichi inayokata umeme uniti zikiisha) inaweza kuwa imegandana kutokana na shoti au mzigo mkubwa, na mita ikaendelea kuhesabu kwenda kwenye hasi. Ikiwa rejista inatembea, chanzo ni relei. Ikiwa imesimama ilhali mzigo unawaka, rudi kwenye kipimo cha klampu nguzoni.

Mteja hanunui kabisa. Toa kwenye mfumo orodha ya wasionunua kwa siku 60 au 90 na itembeleeni kila mwezi. Wengine wamehama, wengine mita zao zimekufa, wengine wana uniti za kutosha. Waliobaki ni wachache, na kwa kawaida hupatikana haraka.

Kuna dalili moja ambayo haionekani kwa kuangalia nyaya. Rejista ya jumla inasema mteja ametumia uniti 3,000 tangu mita ifungwe, na mfumo wa mauzo unaonyesha ameuziwa 1,200. Mita ni nzima, lakiri ni nzima, wayaringi ni safi. Kabla ya kwenda mbali, hakikisha relei haijagandana na salio si la hasi, na kwamba mita haikuwa na uniti za mteja mwingine. Kama yote hayo si kweli, tokeni zinatoka mahali pasipo halali, pengine kwenye mashine ya kuuzia iliyoibwa pamoja na moduli yake ya usimbaji, kifaa kinachotengeneza tokeni. Hiyo si kazi ya mkaguzi wa mtaani tena. Ipelekeni kwa wanaosimamia mfumo wa mauzo, wakague moduli zote zilizosajiliwa na, ikibidi, wabadilishe funguo za mita za eneo zima.

Dalili: mita janja imetuma tahadhari

Tahadhari ya mfuniko kufunguliwa, sumaku, mkondo kurudi nyuma, nyutro kukosekana. Kila moja peke yake hudanganya. Mfuniko huripotiwa wazi baada ya fundi wenu kufanya kazi halali. Spika kubwa iliyowekwa karibu na mita inaweza kuamsha kihisi cha sumaku. Mkondo hurudi nyuma kwa mteja mwenye sola. Betri ikifa, saa hupotea na matukio huandikwa kwa tarehe zisizo na maana.

Thamani inakuja unapoziunganisha. Mfuniko umefunguliwa saa tano usiku, hakuna hati ya kazi, na kuanzia kesho yake matumizi yameshuka kwa asilimia 60: hapo nendeni. Mita iliyoripoti kukatika kwa umeme ilhali majirani wote wa fezi ile walikuwa nao, na hilo likajirudia kila jioni, ni alama nyingine nzuri. Mita iliyonyamaza pia ihesabiwe kuwa dalili. Timu nyingi huweka mita zisizowasiliana kwenye foleni ya mawasiliano na kuzisahau, na wenye kuchezea hulijua hilo.

Wateja wakubwa: anzeni huku

Katika mitandao mingi, wateja wachache wenye mita za CT hubeba sehemu kubwa ya umeme. Mita moja ya kiwanda inayopungukiwa theluthi inaweza kugharimu zaidi ya mtaa mzima wa nyumba zenye waya wa kuchepusha. Na kwa uzoefu wa mafundi wengi wa kazi hii, makosa makubwa huku huwa ya ufungaji.

Kwa mzigo uliosawazika wa fezi tatu, hesabu ni rahisi kukumbuka. Volteji ya fezi moja ikikosekana kwenye mita, kwa mfano fyuzi ya volteji imekatika, mita inahesabu theluthi mbili. CT moja ikiwa imegeuzwa, fezi mbili zinajumlishwa na moja inatolewa, na inabaki theluthi moja. CT mbili zikibadilishana fezi, mkondo wa fezi ya kwanza ukaonana na volteji ya pili na ya pili ikaonana na ya kwanza, jumla inakuwa sifuri kwa pawa fakta yoyote ile. Mita inawaka, volteji zote zipo, mikondo yote ipo, na hakuna kinachohesabiwa. Anayekagua kwa kuangalia ampea peke yake atasema kila kitu ni sawa.

Kwa hiyo kipimo cha lazima hapa ni pembe kati ya volteji na mkondo kwa kila fezi. Mita nyingi za daraja hili huonyesha pembe hizo zenyewe, na zisipoonyesha tumia kipimaji cha kubebeka. Mzigo wa kawaida wa mota huweka mkondo nyuma ya volteji yake kwa nyuzi kama 20 hadi 45. Fezi moja ikiwa na pembe iliyo mbali na wenzake kwa nyuzi 180, CT imegeuka. Ikiwa mbali kwa 120, fezi zimechanganywa.

Kisha soma bamba la CT yenyewe, usitegemee fomu. Pima mkondo wa msingi kwa klampu na wa upili kwa klampu ndogo: ampea 120 upande wa msingi na 3 upande wa upili ni uwiano wa 40, yaani 200/5. Kama mfumo unazidisha kwa 20, mmeshapata nusu iliyopotea. Mwisho angalia ubao wa majaribio. Viungo vya kufungia CT vilivyoachwa vimefungwa baada ya upimaji huupitisha mkondo pembeni ya mita, na hilo hufanywa na watu wenu wenyewe kwa kusahau. Fomu ya kufunga kazi iwe na mstari unaomtaka fundi aandike usomaji wa fezi zote tatu baada ya kurudisha viungo. Mstari huo mmoja huzuia hasara kubwa.

Mita hizi zikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka hata bila dalili, na na timu tofauti na iliyofunga.

Ulinzi unaodumu

Kuchepusha kabla ya mita kunategemea waya unaoweza kufikiwa. Kebo ya mduara, ambayo nyutro yake imezunguka waya wa moto pande zote, ni ngumu kuingiliwa bila kusababisha shoti, na nyaya za angani zilizofungwa pamoja zenye kihami huondoa kabisa kulabu za kutundika. Hapo ndipo fedha ya kwanza iende. Ya pili iende kwenye mita zilizogawanyika: kipimio kinabaki juu ya nguzo au ndani ya sanduku la pamoja, na mteja anakuwa na kibodi ya kuingizia tokeni nyumbani. Ubaya wake ni kwamba mteja haoni mapigo ya mita yake, kwa hiyo kibodi lazima ionyeshe rejista kwa uwazi, la sivyo mtajenga shaka badala ya kuaminiana.

Sanduku imara husaidia, ila sanduku lenye ufunguo mmoja unaofungua mita za mji mzima ni mlango wazi.

Zungusheni wakaguzi kati ya maeneo. Aliyesoma mita za mtaa mmoja kwa miaka anajua mengi mno, na anajulikana mno. Tena, fanyeni njia halali iwe rahisi kuliko ya haramu. Mtu aliyeomba kuunganishiwa umeme akasubiri miezi bila jibu ndiye anayefuatwa na kishoka. Malipo ya kuunganishiwa kwa awamu na majibu ya haraka hupunguza wizi mahali ambapo hakuna kufuli inayofika.

Mkikuta kweli ni wizi

Jitambulisheni, onyesheni vitambulisho, na ombeni mteja au mtu mzima wa nyumba ashuhudie. Msitamke neno mwizi. Elezeni mlichopima na mumwonyeshe klampu inavyosoma. Piga picha ya jumla, kisha ya karibu, zikiwa na tarehe na namba ya mita. Mita iliyoondolewa iwekwe kwenye mfuko wenye lakiri ambayo namba yake inaandikwa kwenye fomu na kusainiwa na pande zote mbili, na mteja apewe nafasi ya kuhudhuria ikifunguliwa maabara. Akikataa kusaini, andikeni kwamba amekataa na shahidi asaini.

Ondoeni hatari hapo hapo. Waya wa kuchepusha usiachwe ukining'inia hadi kesi iishe.

Fidia ikokotolewe kwa msingi unaoelezeka: mzigo uliopimwa, rekodi za kabla ya mshuko, au rekodi za mita ya kulinganishia, na kwa kipindi ambacho sheria inaruhusu. Makadirio ya kutisha hayalipwi, huishia kwenye mabishano, na mteja anarudia kwa hasira.

Mita mpya ikishafungwa, soma namba zake zote siku hiyo, halafu mfuatilie mteja kwa vipindi vitatu vya usomaji. Sambamba na hilo rudia hesabu ya transfoma. Kama umerejesha uniti 1,500 kwa mwezi na pengo la 5,400 limeshuka hadi 3,900, umepata ulichofikiri umepata. Likiwa limebaki 5,200, makadirio yako kwa mteja yule yalikuwa makubwa mno, au kuna mwingine kwenye fezi ile ile. Rudi kwenye mchoro wa saa, gawanya laini katikati kwa klampu, na uendelee na nusu yenye pengo.